Elfu nne ya mama pacha

Mwaka 2024 mwezi wa saba kuna asubuhi kama nne au tano hivi niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikajitanda kanga, nikachukua ndoo zangu mbili na beseni, nikashuka mpaka mwaloni Kibirizi hapa Kigoma, pale boti za dagaa zinapotia nanga, na wakati huo najua kabisa ziwa limefungwa na hakuna dagaa hata wa dawa. Siku ya kwanza mlinzi akaniuliza mama unasubiri boti ya Kagunga? Nikamwambia ndio. Nikakaa kwenye mchanga na ndoo zangu tupu mpaka jua likatoka, boti ya abiria ikajaa ikaondoka, na mi nikarudi zangu Gungu kupika uji wa watoto. Hii stori sijawahi kumwambia mtu. Hata mume wangu hajui, ndo anaisoma hapa leo, pole baba watoto.

Kwa ambao hamko huku, Ziwa Tanganyika lilifungwa tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, miezi mitatu, ili samaki na dagaa wapumzike wazaliane. Ni makubaliano ya nchi nne zenye ziwa, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Sitaki kufungua ugomvi wa kama ilikuwa sahihi au la, watu walishaongea wakachoka, na mi mwenyewe upande mmoja nilikuwa naelewa maana dagaa walikuwa wamepungua kila mtu anaona. Ninachokumbuka ni kwamba kila kikao, kila redio, kila kijiwe, habari ilikuwa ni pesa tu. Watu watakula nini, mikopo italipwaje, ada za shule je. Na walikuwa na haki kabisa kuuliza hivyo.

Ila mi nilikuwa nimejiandaa. Nilisomea ualimu, ajira ikagoma, nikaingia kwenye dagaa, kwa hiyo biashara yangu naiendesha kwa daftari kama maandalio ya somo. Tangu mwezi wa pili nilikuwa naweka magunia stoo kidogo kidogo, ziwa lilipofungwa bei ikapanda, nikawa nauza taratibu kwa wateja wangu wa Tabora na Dar. Kodi nikalipa, ada nikalipa, hisa za kikoba nikalipa. Ukifungua lile daftari utasema huyu mama mwaka ule alilala usingizi wa mtoto mchanga, kumbe kuanzia mwezi wa sita nilikuwa naangalia bati mpaka kunakucha.

Maharage yaliungua mara tatu ndani ya wiki moja na mi nimesimama pale pale jikoni. Mtoto kaniomba penseli tu, penseli, nikamfokea mpaka akaenda kujificha nyuma ya mlango. Nikiingia kuoga najikuta nimeshika kopo nimesahau kumwaga maji. Chakula hakina ladha, hata migebuka wa mawese na ugali wa muhogo, mi mtu wa Kigoma nikatae migebuka? Nikaenda zahanati wakapima malaria hamna, taifodi hamna, presha iko poa, nikapewa dawa za maumivu na ushauri nipumzike. Nipumzike tena? Mi nimepumzika tangu Mei, afu mnaniambia nipumzike.

Mume wangu ni dereva wa lori, yuko njiani muda mwingi, Kasulu, Kibondo, huko kote, alichosema ni kwamba ningekuwa mimi ningeshukuru hiyo likizo ya bure. Mama mkubwa wa Ujiji yeye alikuwa na jibu lake, nimepigwa jicho kwa sababu nilikuwa na mzigo stoo wakati wenzangu hawana. Akaita wamama tukasomewa dua pale nyumbani kwake. Na niwaambie ukweli nilipata nafuu siku ile, usiku nililala. Dua sikatai, mi ni muumini. Ila nikikumbuka sasa hivi naona na wale wamama tisa waliobaki sebuleni baada ya dua, wakila tende na kuchambana kuhusu nani kanenepa, nao walikuwa na mkono wao kwenye ule usingizi.

Sasa siku moja jioni umeme umekatika, niko kibarazani, nikaanza kuhesabu. Kazi yetu ni ya kuhesabu, ndoo ngapi, chanja za kuanikia ngapi, gunia ngapi, kichwa kimezoea. Nikahesabu watu nilioongea nao siku ile tangu niamke. Watoto wawili. Baba yao kwa simu, dakika tatu, na mtandao unakatakata. Kijana wa dukani aliyeniuzia kiberiti. Basi, wanne. Nikasema hebu tuhesabu siku ya kawaida kabla ya Mei. Bodaboda wangu wa alfajiri ambaye lazima anipe habari za Yanga hata kama sijauliza na hata kama Yanga haijacheza. Dada wa chapati. Wavuvi wa zile boti tatu ninazonunua, kila boti ina watu saba nane na kila mmoja ana neno lake. Bibi wa mihogo ya kuchemsha. Wenzangu wa chanja za kushoto na kulia. Vijana wa kubeba. Mzee wa ushuru ambaye hatupendani lakini tunasalimiana. Madalali. Nilifika arobaini na kitu nikaacha.

Nikashtuka. Tangu Mei nimeondokewa na watu arobaini kwa mpigo na hakuna aliyenipa pole, kwa sababu hakuna aliyekufa. Mtu akifa huku turubai linafungwa, watu wanakuja na sufuria zao, wanalala chini kwenye mikeka siku tatu, watani wanakuja kukuchekesha kwa nguvu wakati unalia. Sasa mwalo ukinyamaza matanga yake anaweka nani?

Na ngoja niseme hapa, wale watu si marafiki zangu. Rafiki zangu ni wawili, mmoja yuko Mwanza mmoja Dodoma, tunatumiana voisi ndefu za dakika saba na tunapendana sana. Wa mwaloni nyumbani kwao wengi sipajui. Majina yao ya kweli siyajui pia, tunaitana kwa watoto au kwa vitu, mama pacha, yule wa kanga nyeusi, bibi mihogo, kijana wa barafu. Ndo maana hata akilini hawakunijia kwamba naweza kuwakosa. Unakosa ndugu, unakosa mpenzi, nani anakosa kijana wa barafu?

Baadaye nilipokuwa nasoma soma kwenye simu nikakutana na watafiti wawili wa Kanada, Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn, mwaka 2014 waliwapa watu vile vidude vya kubonyeza vya kuhesabia, kimoja ubonyeze ukiongea na mtu wako wa karibu, kingine ukiongea na mtu unayemjua juu juu tu. Wakakuta siku ambazo watu wanaongea na hawa wa juu juu wengi kuliko kawaida yao, wanajisikia vizuri zaidi na wanajiona wamo ndani ya jamii. Nikacheka peke yangu, nikasema mi sikupewa kidude ila hesabu nilishaifanya kibarazani na giza lote lile.

Mwaloni hakuna mtu anakuuliza unajisikiaje. Kibirizi ukiulizwa hivyo utadhani mtu anataka kukukopa. Unaulizwa kwa nini umechelewa, kwa nini umevaa raba za mume, leo mbona sura kama mgebuka wa juzi. Boti zinaingia alfajiri taa bado zinawaka, wavuvi macho mekundu, kelele, bei inapandishwa unaishusha, unagombana na mtu kwa ndoo moja mpaka majirani wanawaamulia na dakika kumi baadaye mnagawana chapati. Afu unamwaga dagaa kwenye chanja, unatandaza kwa mkono zisilaliane, unageuza, unafukuza kunguru, na muda wote huo midomo inafanya kazi. Ukifika nyumbani umechoka mwili lakini kichwani hewa imepita.

Na wanakuona. Hili ndo nataka nilikalie kidogo.

Mwezi wa tatu 2023 baba yangu alilazwa, hali mbaya, nikaambiwa usiku. Asubuhi nikaenda kazini kama kawaida, si kwa ujasiri, nilikuwa sijui nifanye nini kingine. Sikumwambia mtu. Niko pale nageuza dagaa, kumbe nageuza zile zile, upande wa pili wa chanja sijaugusa. Mama pacha, chanja yake iko kulia kwangu, akanitazama weee, akasema, "We nenda." Nikamwambia niende wapi. Akasema, "Mi sijui unakotaka kwenda mama, ila hapa haupo." Nikatupa kanga begani nikapanda bodaboda mpaka hospitali. Mchana ikashuka ile mvua yetu isiyopiga hodi, mawingu yanatoka upande wa Kongo na dakika mbili umelowa. Niko wodini nimeshika mkono wa baba na roho inaniambia mzigo wako umekwenda. Jioni nikarudi mwaloni kuona hasara. Nikakuta dagaa zangu zimeanuliwa zote, zimefunikwa turubai, na jiwe juu. Za mama pacha nusu zimelowa, zimeharibika. Alianua zangu kwanza. Nikamuuliza kwa nini, akasema zako ndo zilikuwa karibu. Uongo mtupu, chanja yake ndo iko karibu na banda, yangu mpaka uipite ya kwake.

(Baba alipona, yuko Ujiji anacheza bao na kusumbua watu.)

Kuna wengine wawili, Sheldon Cohen na Thomas Wills, hawa ni wa zamani, 1985, ambao waliandika kwamba watu wanakusaidia kwa njia mbili. Kuna msaada unaokukinga siku ya balaa, mzigo unakuangukia na mtu anaupokea upande mmoja usikuponde. Na kuna faida ya kuwa tu ndani ya watu, ambayo inafanya kazi hata siku ambayo huna balaa lolote, kila siku, kimya kimya. Kwa hiyo kuna mama pacha wa siku ya mvua, na kuna bodaboda wa Yanga. Mi miaka yote nilikuwa najua thamani ya wa kwanza. Huyu wa Yanga nilikuwa namwona kero.

Kitaalamu hali kama ile yangu ikizidi na ikikaa wanaita sonona. Mtaani hatusemi sonona, tunasema fulani ana mawazo. Ana mawazo sana siku hizi. Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi, ni mawazo yetu yale yale. Na ni Zimbabwe huko huko ambako daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda alipoteza mgonjwa wake, binti alijiua, na sababu moja ni kwamba hakuwa na nauli ya basi ya kuja hospitali kumwona. Madaktari wa akili nchi nzima walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka 2006 akaanza na bibi 14 pale Mbare, Harare, bibi wa kawaida wa mtaani, wakafundishwa kumsikiliza mtu na kumsaidia achague tatizo moja aanze nalo, na kazi yenyewe inafanyika kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Utafiti wao ulichapishwa 2016, na baada ya miezi sita waliokaa na bibi kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba yule bibi hana koti jeupe, anakujua wewe mtoto wa fulani, anajua maji mtaani kwenu yanatoka saa ngapi. Ila msinielewe vibaya kwamba kila mwenye mdomo ni mganga, wale bibi walifunzwa na wana hatua wanafuata, na wanajua yupi wa kumpeleka kwa daktari.

Maana watu nao wanaua kichwa. Nina shangazi ambaye ukimwambia una mawazo saa nne, saa sita wameshajua mpaka Mwandiga. Na grupu la kikoba la wasapu, jamani, wanachama thelathini, kila asubuhi maua waridi na "amkeni na baraka", siku moja nikaandika kwamba wenzangu sijisikii vizuri siku hizi, nikapata "pole" kumi na moja na mikono ya kuomba, afu mtu wa kumi na mbili akauliza mwisho wa kulipa hisa ni lini. Sikukasirika, nilizima bando nikaenda kukaa nje.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni mvuvi, na yeye ndo alinitisha. Mvuvi wa dagaa kazi yake ni usiku, siku za giza ndo wanaingia maana taa inawavuta dagaa, mbalamwezi wanapumzika. Miaka kumi mwili umezoea hivyo. Ziwa likafungwa, usiku ukifika macho makavu, wenzake wa boti wametawanyika vijijini, mke na watoto wamelala, yeye yuko nje kwenye kiti peke yake mpaka asubuhi, afu mchana analala. Akaanza na pombe. Mwezi wa saba akamwambia mke wake siku zote hizi naona bora hata nisingeamka. Mke akanipigia akilia. Hapo sikutaka stori ya benchi wala ya chapati, tulimchukua tukampeleka hospitali ya mkoa, akaonwa na wahusika wa afya ya akili, akapewa dawa na tarehe ya kurudi, na akarudi. Mtu akisema maneno kama yale usikae kumpa methali. Na hata kama hajasema, ikipita wiki mbili mtu kila siku hali chakula vizuri, hapati usingizi, hana hamu na kitu, mpelekeni. Lakini pia nahodha wa boti yake, mzee mmoja mkali ambaye sijawahi kumwona anacheka, aliposikia akawa anakuja kila jioni na draft chini ya kwapa. Hawaongei. Wanacheza mpaka saa sita usiku, mzee anamfunga, anamtukana, anaondoka. Kesho anarudi. Nilimuuliza shemeji mnaongeaga nini, akasema hatuongei shemeji, anasemaga tu sogeza.

Sasa hapa ndo pananiuma mwenyewe. Katika zile siku zangu za kukaa na ndoo tupu, nilikuwa na kinyongo. Nilikuwa najiuliza mbona hakuna hata mmoja wa mwaloni aliyenitafuta. Watu arobaini, hata mmoja? Na hasa mama pacha. Siku ya mwisho kabla ziwa halijafungwa sikuwa na chenji, akanilipia kijana wa kubeba elfu nne, kwa hiyo namdai yeye kunitafuta kwa sababu mimi ndo nina hela yake, hesabu za kijinga kabisa lakini ndo nilikuwa nazo. Pale mwaloni kila mtu ana deni dogo la mwenzake, elfu, elfu mbili, ndoo iliyoazimwa, na hakuna anayelimaliza haraka. Mgeni anaweza kudhani ni ukosefu wa uaminifu.

Ndo mke wa shemeji, siku tunatoka hospitali, akaniuliza hivi yule jirani yako wa chanja anaendeleaje na lile deni. Deni gani? Kumbe mama pacha alikuwa na mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali. Alichukua mwezi wa tatu akijua atarudisha kwa dagaa za Mei na Juni, hakuwa na stoo, hakuwa na magunia, marejesho kila wiki, na wale watu mnawajua wanavyokuja, wanakaa mlangoni. Walimchukulia kabati na tivii. Simu aliuza. Akachukua watoto akaenda kwa dada yake Simbo. Na mimi hapo nina bei ya juu, nina magunia, nina daftari zuri, nakaa kwenye mchanga nasikitika kwamba hajanipigia. Simu yenyewe hana.

Jumamosi nikapanda gari la Simbo. Sikujua nyumba, nikashuka nikauliza, kwa mwenye mapacha aliyekuja juzi juzi kutoka mjini, mtoto mmoja akaniongoza. Nikamkuta nyuma ya nyumba chini ya michikichi, sufuria kubwa motoni, wanachemsha chikichi wakamue mawese. Njiani nilikuwa nimejipanga nitamwambia nini, nimetunga mpaka sentensi, nilitaka niombe msamaha, nilitaka nimwambie kuhusu usingizi na zile alfajiri. Akaniona. Akasema, "We, mbona umekonda hivyo, mumeo anakula peke yake?" Afu, "Usisimame hapo, shika huo mwiko."

Nikashika mwiko. Tumechemsha, tumeponda, tumekamua, mikono mekundu mpaka kwenye viwiko, kanga yangu mpya ikaisha kazi siku ile. Mazungumzo yalikuwa bei ya mawese, dada yake anavyokoroma, mapacha mmoja anaongea kama mwanasheria na mwingine haongei. Saa tisa hivi tukala ugali na maharage ya mawese yale yale ya moto, na nilikula, nilikula nikaongeza. Ndo katika kukoroga akasema bila kuniangalia, "Mi usiku silali." Nikamwambia hata mi silali. Akasema, "Kumbe." Tukaendelea kukamua. Hiyo "kumbe" yake mpaka leo sijaisahau, ilikuwa ndogo tu ila nilihisi kama mtu kaniondolea gunia mgongoni.

Kabla sijaondoka nikatoa elfu nne, nikaongeza na nyingine juu kwa ajili ya watoto. Hiyo ya watoto akapokea, akashukuru, akaifunga kwenye ncha ya kanga. Elfu nne akairudisha mkononi kwangu. "Hii tutamalizana Kibirizi." Nikamwambia chukua bwana hali yenyewe hii. Akakataa kata kata, akakasirika kabisa, nikaona tutaharibu siku.

Kutoka hapo kila Jumamosi nilikuwa Simbo. Nilimwambia gunia mbili za dagaa stoo achukue akauze Kasulu tugawane faida, akaanza kupunguza ule mkopo, haukuisha, mpaka leo kuna mkia wake. Alfajiri zangu za ndoo tupu ziliisha bila mimi kugundua, siku moja nimeamka saa moja jua limewaka, watoto wameshajifungulia mlango wanacheza nje. Na yule bodaboda wa Yanga nilimpigia nikamwambia kesho nipeleke mjini kununua sabuni, Gungu kuna sabuni duka la tatu kutoka kwangu, lakini nikapanda, na njia nzima akanisimulia usajili, nani kaja nani kaondoka, na mi nauliza maswali. Hata Simba sishabikii.

Tarehe 15 Agosti ikafika. Na ukiangalia mbinguni mwezi unakaribia kujaa, siku nne mbele ulikuwa duara kabisa, yaani ziwa limefunguliwa mbalamwezi, kila mzee wa mwaloni akasema subirini giza, hamna kitu huko. Nani alisubiri? Niliposhuka Kibirizi alfajiri yake kulikuwa na watu mpaka barabarani, ndoo zimepangwa foleni, dada wa chapati kaongeza jiko la pili, boti chache zilizojaribu zimerudi na dagaa wa kufunika kitako cha beseni na watu wamezizunguka wanagombana bei kama vile kuna tani. Mzee wa ushuru akanisalimia kwa jina la mwanangu, sikujua kama analijua. Shemeji nikamwona kwa mbali amebeba taa begani, nahodha wake anamfokea kuhusu kamba. Kelele, harufu, tope. Chanja yangu imevunjika mguu mmoja na ya kulia kwangu imefagiliwa safi, imefungwa wavu mpya.

Mama pacha akatokea nyuma ya banda na beseni lake kichwani, halina kitu.

"Elfu nne yangu uko nayo?"

Nilikuwa nayo, ipo kwenye pochi, noti mbili za elfu mbili mbili nimezikunja pamoja tangu siku ile ya Simbo.

Nikamwambia kesho.